Wamotari wanalipa kila siku, lakini moto ikipata pane wanabaki peke yao

Katika miji ya mashariki mwa Congo, hakuna anayehitaji kuelezwa kazi ya moto. Huko Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia na Uvira, ni moto inayompeleka mwanafunzi masomoni, mama sokoni, mgonjwa hospitali na gunia la makala nyumbani. Pale ambapo taksi haifiki kwa sababu ya matope au mlima, moto inafika. Serikali inalijua hilo, kwani inatoza ushuru. Vyama vya wamotari vinalijua, kwani vinauza jeton. Wenye moto wanalijua, kwani wanangoja hesabu yao kila jioni. Lakini kuna saa ambayo wote hao hawaonekani: ni pale moto inapozimika njiani na kukataa kuwaka.

Jambo hilo limezoeleka kuchukuliwa kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Motari anakuna kichwa, abiria anashuka akilalamika, wapita njia wanatazama na kuendelea na safari. Lakini pane haina uhusiano wowote na bahati. Moto ndogo ya silinda moja, inayobeba watu wawili au watatu kutwa nzima, siku sita au saba kwa juma, juu ya mawe na vumbi, itaharibika tu. Haijulikani siku wala mahali, lakini inajulikana kwamba itatokea. Na kitu kinachojulikana kwamba kitatokea, watu wenye akili hukitayarishia mapema.

Ndiyo sababu vyama vya wamotari vinapaswa kuchukua sehemu ya pesa ambazo tayari vinakusanya na kuunda huduma ya kweli ya depanaji: nambari moja ya simu, chombo cha kubebea moto iliyoharibika, bei inayojulikana na watu wa zamu. Hiyo ingekuwa haki ya mwanachama, sawa na ile haki ambayo chama kinadai kwake kila siku.

Njia tatu za kurudi, zote mbaya

Leo, motari aliyepata pane mbali na garaji ana njia tatu za kurudi.

Ya kwanza ni kusukumwa kwa mguu. Mwenzake anakuja na moto yake nzima, anaweka mguu kwenye kikanyagio cha moto iliyokufa, kisha wanakwenda sambamba, mmoja akimsukuma mwingine. Kila mkaaji wa miji hii ameona tendo hilo, na wengi wanalisifu kama ufundi. Lakini ni moto mbili zilizounganishwa na goti la mtu. Shimo moja tu, mbuzi anayekatiza njia, au gari linalopiga honi nyuma, na wote wawili wako chini. Tena wanachukua upana wa moto mbili kwenye barabara ambayo mara nyingi haina hata bega la kusimamia.

Ya pili ni kamba. Kamba inafungwa nyuma ya moto ya mbele na kwenye usukani wa moto ya nyuma. Hapo ndipo hatari ilipo. Gari lenye magurudumu manne linaweza kuvutwa kwa sababu linasimama lenyewe. Moto inasimama kwa sababu ya mwendo na mizani ya aliyeipanda. Kamba iliyofungwa kwenye upande mmoja wa usukani inavuta usukani kuelekea upande huo. Ikilegea kwenye mteremko, inaweza kuingia kwenye gurudumu. Ikikaza ghafla kwenye mlima, inamwangusha wa nyuma kabla hajajua kilichotokea. Na kwa moto nyingi ndogo, taa ya mbele huwaka vizuri tu pale injini inapozunguka. Maana yake, moto inayovutwa usiku ni moto isiyoonekana.

Ya tatu ni kuipakia. Motari anasimamisha gari la mizigo, camionnette au Fuso inayotoka soko la kijijini, na kuomba nafasi juu ya magunia. Moto ya aina hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Kuipandisha kunahitaji watu wanne, na kila mmoja wa hao wanne anataka kitu. Bei haiandikwi popote. Inategemea saa, mvua na uso wa mwenye moto. Saa kumi ya mchana bei ni moja. Jua likizama, bei inakuwa nyingine. Mtu anayeuza msaada anajua kwamba mnunuzi hana pa kwenda.

Wapo wanaochagua njia ya nne, ambayo haistahili hata kuitwa njia: kuisukuma moto kwa mikono, kilomita baada ya kilomita, mpaka penye taa.

Moto isiyokuwa yake

Kwa nini asiiache moto kwenye nyumba ya jirani, apande gari, arudi kesho na fundi? Jibu ni kwamba, mara nyingi, moto si yake. Vijana wengi wanaoendesha katika miji ya Kivu na Ituri wanafanya kazi kwa mwenye moto. Wanampelekea kiasi fulani cha pesa kila siku au kila juma, na kinachobaki ndicho chao. Wengine wamo katika mkataba wa kulipa polepole, mpaka siku moto itakapokuwa yao. Kwa mtu wa namna hiyo, kuiacha moto kando ya barabara ni kuhatarisha miezi mingi ya jasho. Ikiibiwa, deni linabaki shingoni mwake, na kazi imekwisha.

Basi anakaa nayo. Analala kando yake ikibidi. Hapo swali la pane linaacha kuwa la mitambo na kuwa la maisha ya mtu, kwa sababu barabara za mashariki mwa Congo si mahali ambapo kijana anaweza kukaa usiku kucha akiwa na chombo cha thamani bila kuogopa.

Mfano mzuri ni barabara ya kati ya Butembo na Beni. Ni kilomita 54, safari fupi kwa moto nzima. Lakini inapita Kabasha na Maboya, kwenye milima na mabonde ambamo vijiji vimeachana, na wakaaji wa eneo la Beni wamekwisha lipa kwa damu mashambulizi ya makundi yenye silaha, hasa waasi wa ADF. Jimbo la Kivu Kaskazini na lile la Ituri yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mara nyingi wakuu wa miji wametoa amri za kukataza moto kutembea usiku, kwa sababu watu wenye silaha pia hutumia moto. Amri hizo zina sababu zake. Lakini fikiria motari aliyetoka Beni mapema alasiri, akiwa na hakika ya kufika Butembo kabla ya saa iliyowekwa, kisha mnyororo ukakatika njiani. Mwanzoni alikuwa mtu mwenye pane. Saa ile ikipita, anakuwa mtu aliyevunja amri. Kwenye barieri, hakuna atakayetaka kusikiliza habari za mnyororo.

Upande wa Bukavu, hali ni ile ile kwa sura nyingine. Anayeshuka kuelekea Kamanyola na Uvira kwa njia ya Ngomo anajua kwamba breki au kebo ya ambreyaji ikikatika pale, hakuna pa kuegemea: upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni korongo. Huko Goma, mawe ya lava ya mwaka 2002 na yale ya 2021 yanakata mipira ya moto kila siku ya Mungu. Ndani ya mji, fundi wa mipira hayuko mbali. Lakini ukitoka kidogo kuelekea Rutshuru au Sake, umbali unaanza kuhesabika, na hali ya usalama inahesabika pamoja nao.

Na abiria je? Yeye husahaulika kabisa. Mwanamke mjamzito anayepelekwa kujifungua, mzee anayetoka kupata dawa, mfanyabiashara mwenye bidhaa na pesa mfukoni: wote wanashushwa pale moto ilipofia. Wengine wamekwisha lipa nauli nzima. Kama kuna moto nyingine, wanalipa tena. Kama hakuna, wanatembea.

Mshikamano una mipaka

Kuna watakaosema kwamba wamotari hawahitaji huduma nyingine, kwa kuwa wanasaidiana wenyewe. Ni kweli wanasaidiana, na jambo hilo lisidharauliwe. Motari akimwona mwenzake ameinama kando ya barabara, mara nyingi atapunguza mwendo na kuuliza: "Ni nini, ndugu?" Atatoa ufunguo, atagawa esansi kidogo kwa chupa, atampigia simu fundi anayemjua. Bila desturi hiyo, kazi ya moto ingekuwa imekufa zamani.

Lakini mshikamano wa barabarani unategemea nani anapita na saa ngapi. Unamfaa zaidi yule anayejulikana kwenye mstari huo kuliko mgeni. Unamfaa mchana kuliko usiku, kwa sababu usiku hata mtu mwenye moyo mwema anaogopa kusimama; hajui kama aliyeinama kando ya njia ana pane kweli au ni mtego. Na zaidi ya hayo, mshikamano hauna vifaa. Nia njema haibebi moto ya kilo 100, wala haitengenezi kamba ya kuvutia iwe salama. Yule aliyemsukuma mwenzake kwa mguu na kuvunjika mfupa, hakuna mfuko unaomtibu, ingawa alikuwa akifanya kazi ambayo chama kingepaswa kuifanya.

Kinachotakiwa ni kuupa mshikamano huo vyombo na utaratibu, ili usiishie kwa wale tu wenye bahati ya kukutwa na rafiki.

Pesa zipo, lakini hazifiki kwenye pane

Swali la kwanza litakuwa la pesa. Basi na zihesabiwe zile ambazo motari tayari anazitoa.

Kuna asiransi. Kwa sheria ya Congo, tangu tarehe 5 Januari 1973, kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinapaswa kuwa na bima ya kulipa madhara kinayowafanyia wengine. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ilikuwa na haki ya kuuza bima hiyo, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko kwa makampuni mengine. Wengi walitumaini kwamba ushindani ungeleta huduma mpya. Lakini bima ya lazima inahusu madhara kwa mtu wa tatu. Ukimgonga mtu, inaweza kusaidia. Moto yako ikizimika Maboya, karatasi hiyo inafaa tu kuonyeshwa polisi.

Kuna pia FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Unapata pesa zake kupitia bei ya mafuta na kupitia peaji. Maana yake, motari anayenunua esansi iliyolipiwa ushuru anauchangia, hata kama hajui. Kazi ya mfuko huo ni barabara zenyewe, na wanainchi wana haki ya kuuliza barabara hizo ziko wapi. Lakini kuwaokoa waliokwama juu yake hakumo.

Kisha kuna jeton, na hapa ndipo mambo yanakuwa wazi. Jeton ni pesa kidogo, inakusanywa mara kwa mara, na inakusanywa na chama kilichoundwa ili kuwatetea wamotari. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba chama katika mji mmoja kina wanachama 1 000, na kila mmoja anatoa franka 200 za Congo kwa siku. Hiyo ni franka 200 000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni franka 5 200 000 kwa mwezi. Robo yake ni 1 300 000. Kwa robo hiyo, chama kinaweza kununua esansi na kuwapa posho vijana wachache wa zamu, na kuweka kando kidogo kila mwezi kwa kununua chombo. Haba na haba hujaza kibaba. Katika miji hii kuna vyama ambavyo wanachama wao wanazidi hesabu ya mfano huo.

Historia inaonyesha kwamba jambo hilo si ndoto. Ujerumani leo kuna shirika kubwa la kusaidia magari yaliyoharibika njiani, ADAC, lenye wanachama zaidi ya milioni 20. Wengi wanadhani lilianzishwa na matajiri wenye magari. Lilianzishwa mjini Stuttgart, tarehe 24 Mei 1903, kama chama cha waendesha moto. Jina lake la sasa, linalotaja magari, lilikuja mwaka 1911. Wakati ule barabara zilikuwa mbaya na mafundi walikuwa wachache. Watu wa moto walielewa mapema kwamba mtu mmoja barabarani hana nguvu, na wakaanza na michango yao wenyewe. Congo ya leo haifanani na Ujerumani ya mwaka ule, lakini hesabu ya michango ni ile ile.

Huduma hiyo ingefanya kazi namna gani

Huduma ya depanaji haihitaji magari makubwa ya kuvuta yenye winchi kama yale ya miji mikubwa ya ulaya. Inahitaji mambo matano.

La kwanza ni nambari moja ya simu kwa kila mji, iliyoandikwa nyuma ya jile ya kila mwanachama na kwenye kila jeton. Hata abiria aweze kuisoma na kupiga.

La pili ni trisikli, ile moto ya magurudumu matatu yenye karoseri nyuma, ambayo wafanyabiashara wa Butembo na Goma wanaitumia tayari kubeba saruji na viazi. Ubao imara wa kupandishia, kamba nne za kufungia, tochi kubwa, na moto iliyokufa inapanda bila kuhatarisha mguu wa mtu. Moto iliyobebwa ni salama kuliko moto inayovutwa. Trisikli moja kwa kila mstari mkubwa ingetosha kwa kuanzia: moja kuelekea Beni, nyingine kuelekea Lubero, na kadhalika.

La tatu ni bei iliyobandikwa ukutani. Mwanachama aliyelipa jeton zake abebwe bure ndani ya mji, na kwa bei ndogo inayohesabiwa kwa kilomita nje ya mji. Asiye mwanachama alipe zaidi, lakini naye ajue bei kabla. Bei inayojulikana ndiyo dawa ya wale wanaouza msaada kulingana na giza.

La nne ni mafundi wanaokubaliana na chama. Pane nyingi hazihitaji hata kubebwa. Ni mpira uliotoboka, buji iliyochafuka, maji ndani ya esansi iliyonunuliwa kwa kadafi, kebo iliyokatika, mnyororo uliotoka. Kwa fundi anayefika na mfuko wa vipuri vya kawaida, hizo ni pane za nusu saa. Kama fundi mmoja huko Maboya na mwingine Kabasha wanajulikana na chama na nambari zao zimeandikwa, trisikli itabaki kwa mambo makubwa.

La tano ni daftari. Kila simu iandikwe: saa, mahali, aina ya pane, aliyekwenda, kilicholipwa. Baada ya miezi sita, daftari hilo litasema mambo ambayo leo hakuna anayeyajua kwa hakika: wapi moto zinakufa zaidi, vipuri gani ni vya uongo, daraja gani linavunja rimu. Chama chenye daftari la namna hiyo kinaweza kwenda mbele ya meya au gavana na kusema kwa ushahidi, badala ya kupiga kelele tu.

Na kwa siku ambazo trisikli haipo, chama kiwafundishe wanachama kuvuta kwa akili. Asivutwe mtu akiwa na abiria nyuma. Kamba isifungwe kwa fundo kwenye usukani. Izungushwe kwenye kikanyagio cha moto ya nyuma na kubanwa kwa mguu, ili anayevutwa aweze kuiachilia mara moja akiona hatari. Moto inayovutwa isiwe na vitesi ndani. Mwendo uwe wa mtu anayekimbia polepole, kaske kichwani kwa wote wawili, na usiku isifanyike kabisa. Mambo hayo yanafundishwa kwa asubuhi moja kwenye parking.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi kubwa ni ile inayosemwa kwa sauti ndogo: pesa zitaliwa. Motari wengi hawajui jeton zao zinakwenda wapi. Wanasikia habari za mfuko wa msiba, mfuko wa ugonjwa, lakini siku ya shida wanaambiwa sanduku ni tupu. Wasiwasi huo una msingi, na ungekuwa sababu ya kukataa kama huduma hii ingekuwa kitu kisichoonekana. Lakini trisikli inaonekana. Ama iko kwenye parking, ama haiko. Ama imefika Kabasha, ama haikufika. Ni vigumu kula kitu ambacho wanachama 1 000 wanakiona kila asubuhi kikiwa na rangi ya chama. Huduma ya depanaji, kwa hiyo, inaweza kuwa njia ya kurudisha imani iliyopotea, mradi hesabu za kila mwezi zibandikwe mahali pale pale ambapo jeton zinauzwa.

Pingamizi ya pili ni usalama. Nani atakubali kupeleka trisikli saa mbili ya usiku kwenye barabara ambayo hata askari wanaiogopa? Hakuna anayepaswa kuombwa kufanya hivyo. Kuna mahali na saa ambapo jibu la haki kwa simu ni: "Ingia kijijini, funga moto yako kwenye nyumba ya mkuu wa kijiji, tutafika alfajiri." Lakini hata jibu hilo lina thamani kama limetayarishwa, yaani kama mkuu wa kijiji anajua, kama kuna nyumba iliyokubaliwa, kama mwenye moto amepigiwa simu na chama na kuambiwa kwamba kijana wake hakuiba wala hakupotea. Tofauti kati ya kulala kando ya barabara na kulala chini ya paa inaweza kuwa tofauti ya kuamka.

Pingamizi ya tatu inatoka kwa mafundi wa njiani na wenye camionnette, wanaoogopa kupoteza mapato. Mafundi watapata kazi zaidi kama wataingia kwenye orodha. Kuhusu wale wanaopandisha bei kwa sababu mtu amekwama, hasara yao haistahili machozi.

Wajibu wa wakuu

Serikali haiombwi kununua trisikli. Inaombwa kutozuia. Sheria ya barabara inayotumika Congo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati huo, moto ya taksi haikuwa uti wa mgongo wa usafiri katika miji hii. Kungoja sheria mpya ni kungoja sana. Lakini meya au gavana anaweza, kwa barua moja, kutambua chombo cha depanaji cha kila chama, kukipa alama, na kuamuru kipite kwenye barieri bila kulipishwa wakati kinabeba moto iliyoharibika. Anaweza pia kuamuru kwamba motari aliyeripoti pane kabla ya saa ya katazo asitendewe kama mhalifu. Simu iliyoandikwa kwenye daftari la chama, na saa yake, ingekuwa ushahidi wake.

Jambo hilo litazidi kuwa la lazima kadiri barabara zinavyobadilika. Mwaka 2021 Congo na Uganda zilianza mradi wa kujenga pamoja kilomita 223 za barabara: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma kwa njia ya Rutshuru 89. Vita vimevuruga sehemu ya mipango hiyo, lakini kila pale lami inapofika, wakaaji wanafurahi, na wana sababu. Lami lakini inaleta mwendo. Kwenye matope, lori linaona moto iliyokwama na lina wakati wa kusimama. Kwenye lami, moto isiyo na taa inayosukumwa kwa mguu ni kifo kinachongoja dereva. Barabara nzuri bila huduma ya pane itaua watu ambao barabara mbaya ilikuwa inawachelewesha tu.

Motari naye ana wajibu wake. Ufunguo wa buji, buji ya akiba, kebo moja, pampu ndogo, tochi na unite za simu si mzigo mkubwa. Kukagua mnyororo na mipira kabla ya kutoka mjini ni kazi ya dakika tano. Mwenye moto anayedai hesabu kila jioni bila kutoa pesa za kubadilisha mpira ulioisha, naye anashiriki katika pane inayokuja.

Lakini mzigo wa kwanza uko kwa vyama. Vina wanachama, vina michango, vina viongozi, vina watu kwenye kila parking na kila njia panda. Vinaweza kumkuta motari popote alipo saa moja ya asubuhi ili kumuuzia jeton. Katika mkutano ujao, wanachama waulize kwa nini havijui alipo saa kumi na mbili ya jioni, moto ikiwa imekufa, abiria ameondoka, na giza linaingia.